Vipimo vya Masika

Hakupenda kuitwa Mwalimu. Kwao ni Butiama, na Butiama, alisema, jina hilo lina mwenyewe, wengine wote tunaazima. Basi shule nzima tulimwita Ticha, kuanzia mkuu wa shule mpaka mpishi, na mimi niliyekuwa mhudumu wa maabara nilimwita hivyo miaka kumi na moja. Leo nipo Nyasura, hapa hapa Bunda, nina duka langu la nguo, na mtoto akipita barabarani akiita "Ticha!" mimi huinamisha uso kana kwamba nimeitwa kujibu. Nina aibu. Acha niseme mapema, maana najijua: nikianza na sifa zake nitajificha humo humo.

Na sifa alikuwa nazo. Alikuwa mrefu, mwembamba, suruali ina viraka magotini, miguuni katambuga za tairi. Ilikuwa ile miaka sabuni ilipopotea madukani tukawa tunafua kwa majani ya mpapai, na shati lake jeupe likageuka rangi ya chai ya maziwa, lakini kila Jumatatu lilikuwa limenyooka. Alilinyoosha kwa kulilalia. Alinieleza mwenyewe, bila haya, jinsi ya kulikunja chini ya godoro usiku kucha. Kwa mambo kama hayo hakuwa na siri hata moja.

Mapenzi yake yalikuwa bomba la kioo, urefu wa mkono wangu, lililokuwa limefungiwa kabatini tangu shule ilipojengwa. Ndani yake kulikuwa na bati mbili zinazotazamana. Tuliinyonya hewa kwa kompresa ya friji bovu tuliloomba hospitali, ikabaki kidogo sana, na kile kilichobaki tulikisoma kwenye kipimo cha zebaki. Kisha unawasha jenereta, unapandisha umeme kati ya zile bati, polepole, volti kwa volti, mpaka ghafla bomba linawaka zambarau. Pale linapowaka ndipo unasoma mita na kuandika. Yeye alizungusha swichi, mimi nilisoma na kuandika.

Kando ya bomba, huku na huku, zilikaa koili mbili za waya wa shaba nilizoviringisha kwa mikono yangu, nikihesabu mizunguko kwa punje za mahindi. Ukizipa umeme wa betri ya lori zinakuwa sumaku, na sumaku hiyo inaukingamia ule umeme wa ndani. Wanafunzi walikuwa wanakariri neno "uayonishaji", yaani hewa kung'olewa elektroni, asubuhi na kulisahau mchana. Ticha alichoka, akawatoa kidato cha tatu wote kwenda uwanja wa mpira.

Akawatawanya uwanjani, wamesimama. "Nyie ni hewa." Akamfunga mmoja kitambaa machoni. "Wewe ni elektroni. Kimbia kutoka goli hili mpaka lile. Atakayegongwa sawasawa, naye atoke mbio." Mmoja akawa wawili, wawili wakawa wanne, hujakaa sawa uwanja mzima unakimbia. "Hapo ndipo bomba linawaka!" akapiga kelele, mikono juu. Kisha akachukua kamba ya ng'ombe, akamfunga elektroni kiunoni, akawa anamvuta kwa ubavuni kila akikimbia. "Mimi sasa ni sumaku. Umeme unamsukuma mbele, mimi namvuta pembeni. Atakwenda wapi?" Alikwenda mviringo. Uwanja ulipokuwa na watu wachache, kule kuzunguka kulimfanya awagonge ambao angewapita, na moto ukaanza mapema. Uwanja ulipojaa, hakupata hata nafasi ya kuchanganya mbio, akawa anawagusa watu bila nguvu, hakuna anayeshtuka, na moto ukachelewa. Mkuu wa shule akaja kuuliza fujo hiyo ni ya nini. Akagongwa na elektroni, akakaa chini na kaunda suti yake.

"Samahani, Mkuu," akasema Ticha. "Lakini na wewe sasa unatakiwa kukimbia."

Tulicheka wiki nzima. Ila mimi sikulisahau lile somo, na hiyo ndiyo sehemu mbaya ya habari hii. Alinifundisha vizuri mno.

Alikuwa na ukaidi wa ajabu. Wakati wa shida, foleni ya duka la ushirika ilikuwa inaanza alfajiri, na watu waliweka mawe kushika nafasi wakaenda zao shambani. Ticha hakuweka jiwe, aliweka kitabu, eti jiwe halina jina. Aliporudi kitabu hakipo. Kesho yake akanunua karanga sokoni, akaifungua ile karatasi, akaona ukurasa wake wa elektroni. Alinunua karanga zote za yule mama. Tulikula karanga maabara mpaka tukakinai, huku tunakunjua kurasa na kuzipanga. Zilikosekana saba, na kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kula karanga bila kuisoma kwanza karatasi.

Na aliogopa radi! Mtu aliyekuwa anatengeneza radi ndogo mezani kwa mikono yake. Mawingu yakiinuka upande wa ziwa anaanza kusogea mbali na dirisha, na ikipiga ya kwanza yuko chini ya meza ya maabara, miguu mirefu inatokeza. Siku moja nikamtania: "Ticha, si unaijua hiyo?"

"Ndiyo maana, Mama Nyangeta," akajibu kutoka kule chini. "Wewe huogopi kwa sababu huijui."

Alikuwa mpole kwa watu na mkatili kwa namba. Mwanafunzi akivunja chombo alimwambia pole. Mwanafunzi akipika namba, yaani akiandika kipimo ambacho hakukipima, alimfukuza maabara muhula mzima, hata awe mtoto wa mkuu wa wilaya. Na kupika kulikuwa ugonjwa wetu. Shule hazikuwa na vifaa, mtihani wa vitendo unakuja vilevile, watoto wafanyeje? Wahudumu wa maabara wa shule nyingine, wenzangu, waliwapa watoto namba za kuandika. Mimi nilikatazwa. "Andika ulichoona," alisema. "Kama hukuona, andika hukuona. Hakuna aibu hapo."

Pua yake ilikuwa inanusa. Kijana mmoja alileta vipimo kumi vya pendulum, vimenyooka kama shanga. Ticha akavitazama, akauliza, "Hivi umepikia mboga gani?" Darasa likavunjika mbavu. Kijana alipoondoka nilimuuliza amejuaje. Akanieleza, kwa furaha ya mtu anayempa mwenzake kitu kizuri: "Mpishi mbaya anapika namba zilizonyooka. Namba ya kweli inayumba, mama. Leo juu kidogo, kesho chini kidogo, na mara moja moja inaruka bila sababu."

Nikalipokea somo hilo pia.

Swali lake lilikuwa hili. Vitabu vilisema kwamba sumaku iliyoukingamia umeme ndani ya bomba inafanya kazi ileile kama kuongeza hewa. Lakini waliopima walipima hewa iliyokaushwa, kwenye maabara za Ulaya. "Hapa nani anavuta hewa kavu?" aliuliza Ticha. Alitaka kujua hewa yetu, yenye unyevu wa ziwa, itasema nini. Kiangazi tulishapima, daftari moja limejaa. Yakabaki masika. Chuo kikuu Dar es Salaam kulikuwa na watu aliowaandikia barua, nao walimjibu kwamba akileta vipimo vya misimu yote miwili watamtafutia nafasi ya kusoma. Alikuwa ameshavuka miaka arobaini na tano. Hiyo barua aliiweka mfuko wa shati, ikawa inalaliwa pamoja na shati.

Masika yakaja, na wiki hiyo hiyo mama yake akafariki. Alikuja maabara tayari kwa safari ya Butiama, macho mekundu, akanipa ufunguo wa kabati. Hakuwahi kumpa mtu ufunguo ule.

"Nitakaa huko wiki tatu, labda," akasema. "Dizeli ipo, madebe mawili, nimewaomba kiwanda cha pamba. Saa nane mpaka saa kumi, kila siku. Chukua hewa ya dirishani. Nakuamini wewe kuliko ninavyojiamini mimi, maana mimi nataka jibu, wewe hutaki kitu."

Alikosea. Nilikuwa nataka kitu. Nilikuwa na watoto wanne, na mshahara ulikuwa jina tu. Mambo yalikuwa yameanza kufunguliwa, ruksa kila mahali, na mitumba, ile tuliyokuwa tunaiita kafa Ulaya, ilikuwa inaingia kwa malori. Wanawake wenzangu walikuwa wanakwenda kuipokea Musoma, wanaiuza mnadani Bunda, na watoto wao walianza kwenda shule na viatu. Sisemi hivi kujitetea. Nasema ili mjue nilikuwa nawaza nini nikiwa nasoma mita.

Nilipima siku nne. Siku nne za kweli, mkono mmoja kwenye swichi, jicho kwenye mita, mvua inapiga bati mpaka hujisikii. Na zile namba zilikuwa za ajabu. Bomba lilichelewa kuwaka, likawaka, likazima, likaruka. Nilidhani nakosea. Siku ya tano dereva wa lori akaniambia kuna mzigo Musoma na nafasi ya mtu mmoja, ila hana mafuta. Nilimpa dizeli. Debe la kwanza siku hiyo, la pili wiki iliyofuata. Jenereta ilikuwa nzima, nzima kama ng'ombe wa mahari, ikakaa pale haina cha kunywa.

Siku mbili kabla Ticha hajarudi nilikaa kwenye meza yake nikapika. Asubuhi moja tu ilitosha. Nilijua mchoro unatakiwa uendeje, si alinionyesha uwanjani? Hewa chache, sumaku inawahisha. Hewa nyingi, sumaku inachelewesha. Nikaziyumbisha namba, leo juu kidogo, kesho chini kidogo, na mara moja moja nikairusha moja bila sababu. Nilibadilisha kalamu. Nilidondoshea tone la maji ukurasa wa katikati, kwamba ni mvua. Zile siku nne za kweli zilikuwa zinapingana na mapishi yangu, nikaona zikikaa pamoja pale mwanzoni zitanisema. Nikauchana ule ukurasa, nikazitawanya namba zake huku na huku katikati ya zangu, nyingine nikazilainisha kidogo. Kisha nikaenda mnadani.

Alirudi amenyolewa kichwa, na kabla hajanipa hata habari za msiba alifungua daftari. Nilisimama pale nasubiri ile pua. Alipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyofanya kwa mtu aliyekuzikia.

"Mama Nyangeta," akasema, "masika na kiangazi ni sawa. Unyevu haubadilishi kitu. Unaona?"

Nikasema naona.

Alikwenda Dar na lile bomba amelipakata, kwanza basi mpaka Mwanza, kisha treni, limezungushiwa kitenge changu kipya nilichonunua kwa faida ya mtumba. Siku ile aliporudi alikuwa na kitenge tu. Bomba lilivunjika Tabora wakati wa kurudi, gunia la mchele lililiangukia. Lakini hilo halikuwa kubwa. Kule chuoni walilipima bomba mbele yake, kwa hewa ya mvua ya huko, mara ishirini. Namba za daftari hazikutokea hata mara moja. Mmoja wao akamuuliza, kwa upole, kama vipimo hivi vilisomwa kweli au vilikadiriwa.

"Ukasemaje, Ticha?" nikauliza.

"Nikawaambia aliyesoma namwamini. Kosa litakuwa la chombo, au langu." Akanirudishia kitenge, amekikunja vizuri. "Hawakuniamini. Watu wanapika sana siku hizi."

Ile nafasi ya kusoma iliishia hapo. Na mimi nilikaa kimya. Siku ile nilinyamaza kwa kuogopa kazi, mwaka uliofuata kwa kuogopa sura yake, na baadaye sikuwa naogopa kitu chochote cha kutajika, nilikuwa nimezoea tu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Niliacha shule, nikafungua duka, watoto wakasoma. Yeye alifundisha mpaka akastaafu, akarudi kwao. Wanafunzi walimwandalia sherehe, nikatuma shati jeupe jipya kwa mkono wa mtu. Sikwenda mwenyewe.

Nilimkuta Musoma, miaka ilishapita mingi. Nilikuwa nimefuata mzigo, nikapita kwa fundi redio mmoja karibu na soko, nikaona katambuga. Akageuka, amezeeka, ameshika kibunda cha waya wa shaba. Alinifurahia mpaka nikaona haya mbele ya fundi.

"Waya wa nini tena, Ticha?"

"Koili, mama, koili! Nimepata bomba la taa ndefu, nimelitoboa, si zuri lakini linawaka." Akapunguza sauti, kama anaungama yeye. "Masika yetu yale bado yananisumbua. Kila mwaka mvua zikija napima, hazifanani na zako hata kidogo. Nilikosea mahali. Nilikuwaga nadhani ni zebaki ilikuwa chafu, siku hizi nadhani niliunga waya vibaya kabla sijaondoka msibani. Nitapata tu. Mimi sifi kabla sijapata kosa langu."

Fundi akacheka, akidhani ni utani wa wazee. Mimi nilipanda gari na mzigo wangu nikalia mpaka Bunda, na abiria wenzangu wakanipa pole ya msiba.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Butiama. Nilimkuta uani, muhogo umeanikwa juu ya mwamba, mke wake ameenda kanisani. Alikuwa amevaa shati nililotuma. Nikakataa kiti. Nilipiga magoti, kama tunavyosalimia wakubwa, na nikabaki hapo hapo chini nikamwambia yote: lori, dizeli, kalamu mbili, tone la maji.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Zote?" akauliza.

"Siku nne nilipima kweli, Ticha. Zile za mwanzo."

Uso wake ukabadilika, na Mungu anisamehe, ilikuwa ni furaha. Akainuka mbio mbio, akaingia ndani, akatoka na daftari limefungwa kwenye nailoni, na penseli. "Nne zinatosha! Kwa bomba lile zuri, mvua ileile! Nizungushie duara zile za kweli tu. Zingine nitazifuta."

Nikakumbuka kwamba nilizitawanya. Nikafungua. Mwandiko ni wangu, wino ni wangu wa aina mbili, namba zinayumba vizuri, kila ukurasa. Nikaanza na moja, ikanijia kama ya kweli, nikainua penseli, ya jirani yake nayo ikafanana. Nilitafuta zile zilizoruka. Nilikuwa nimezirusha mimi, au zilikuwa zimeruka zenyewe? Nilikwenda mpaka mwisho, nikarudi mwanzo. Kivuli cha nyumba kikatufikia. Hakunihimiza hata mara moja.

"Hii?" akauliza mwishowe, akionyesha moja kwa kidole.

"Sijui, Ticha."

"Hii je?"

"Sijui. Nisamehe. Niliipika vizuri mno."

Akachukua penseli mkononi mwangu. Hakuifuta hata namba moja. Alipiga mstari mmoja mrefu juu ya kila ukurasa wa masika, taratibu, na aliposhika ukurasa wa mwisho akaandika chini yake, kwa ule mwandiko wake mdogo. Nikasogea nisome. Aliandika: *Masika hakukupimwa. Jenereta ilikuwa mbovu.*

"Ticha," nikasema, "jenereta ilikuwa nzima."

"Najua," akasema, akatia tarehe ya siku hiyo.